Kinanda cha Kinywa: Jibu kwa Mwanafunzi wa Beni



Mwanafunzi mmoja wa Beni ameniandikia barua fupi yenye maswali mawili. Amesikia kwamba ninacho kinanda cha kinywa, yaani harmonika, cha namna ile iitwayo kromatiki, na kwamba nimekigeuza kwa mikono yangu hata hakifanani tena na vile vya dukani. Swali lake la kwanza: kinanda hicho ni cha namna gani, nacho kiligeuzwaje? Swali lake la pili ni zito zaidi: je, yafaa Mkristu asiye na mali atumie fedha nyingi kwa kitu cha kujifurahisha mwenyewe? Nitayajibu yote mawili. Kwa lile la pili sitatoa mafundisho ya vitabu peke yake. Itanipasa kukiri makosa yangu mbele yenu.

Kwanza, kinanda chenyewe. Wengi wenu mmekwisha kuona kile kidogo chenye matundu 10, ambacho watoto hununuliwa sokoni. Kile chafaa kwa nyimbo nyepesi, lakini kimepungukiwa na nyingi za zile nusu sauti zilizo kati ya do na re, kati ya fa na sol, na nyingine kama hizo. Kinanda cha kromatiki ni kirefu zaidi. Kwa kawaida kina matundu 12, na pembeni kina kitufe. Kila tundu lina ndimi 4 za shaba ya manjano, nyembamba kama jani kavu. Ukipuliza, ulimi mmoja hutetemeka. Ukivuta pumzi, wa pili hutetemeka. Ukibonyeza kitufe, kibao cha ndani huteleza na kufungua njia ya ndimi mbili nyingine, ambazo sauti zao ziko juu kwa nusu sauti. Basi matundu 12 mara ndimi 4 ni ndimi 48. Katika tundu la kwanza ukipuliza wapata do, ukivuta wapata re. Katika la pili mi na fa. Katika la tatu sol na la. Katika la nne do ya juu na si. Kisha mpango huo warudiwa mara mbili tena. Kwa namna hiyo mtu huweza kutia katika mfuko wa koti sauti zote, nyeupe na nyeusi, ambazo kinanda cha kanisa huzitoa kwa ukubwa wa meza.

Ndimi za namna hiyo si jambo la jana. Wachina walikuwa na chombo chao kiitwacho sheng karne nyingi kabla ya kuzaliwa kwa Bwana wetu. Huko Ujerumani, katika mji wa Trossingen, fundi wa saa aitwaye Matthias Hohner alianza mwaka 1857 kutengeneza vinanda vya kinywa, na kazi yake ikaenea dunia nzima. Hata armonium iliyoletwa na wamisionari ni ndugu wa kinanda hiki: nayo ina ndimi za shaba, ila pumzi yake hutoka miguuni mwa mpigaji, si kifuani mwake. Tena, kati ya wapigaji wote wa kromatiki, mmoja aliyesifiwa sana alikuwa Mbelgiji, Toots Thielemans. Alizaliwa Bruxelles mwaka 1922, katika nyumba ya watu wa kawaida waliokuwa na mkahawa. Tangu utoto wake alisumbuliwa na pumu, naye akachagua chombo kinachodai pumzi! Alijifundisha mwenyewe, akaendelea kupiga mpaka uzeeni, na mwaka 2001 mfalme Albert II akampa cheo cha baroni. Alifariki mwaka 2016, akiwa na miaka 94. Nalitaja jambo hili kwa ajili ya ninyi wanafunzi mnaosema kila siku kwamba udhaifu wa mwili wawazuia kujifunza.

Sasa nieleze jinsi nilivyokipata changu. Mwaka 2017 mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akipitisha bidhaa zake kwa njia ya Kasindi aliniletea kinanda cha kromatiki kilichokwisha tumika. Bei yake ilikuwa mshahara wangu wa miezi miwili. Nyumbani tulikuwa na fedha zilizowekwa kwa ajili ya mabati, maana upande wa jikoni paa lilikuwa limeoza. Nilizichukua fedha zile bila kumwuliza mama watoto. Niliporudi na kasha langu dogo, alilitazama, akanitazama, akasema kwa upole, “Baba watoto, mvua ikinyesha, utatupigia wimbo gani?”

Sikuwa na jibu. Usiku ule mvua ilinyesha, kama inyeshavyo Butembo, nasi tukasogeza sufuria zote. Wiki iliyofuata niliuza baisikeli yangu, nikanunua mabati, nikaanza kwenda shuleni kwa miguu, mwendo wa saa moja asubuhi na saa moja jioni. Ulikuwa malipizi ya haki. Lakini mke wangu hakurudia kulitaja jambo lile, na ukimya wake ulinifundisha zaidi kuliko mwendo.

Kinanda kile kilikuwa na ugonjwa. Ubao wake wa kati, wenye meno kama kichana, ulikuwa wa mti wa mpeasi. Katika nchi yetu ya milima, yenye ukungu na mvua, mti hunywa unyevu wa hewa na wa mate, huvimba, na meno yake hutokeza nje na kukwaruza midomo. Tena ndimi zilikuwa zimefungwa kwa misumari midogo, hata mtu hakuweza kukifungua na kukisafisha pasipo kukiharibu. Nilikwenda kwa fundi wa saa mmoja karibu na soko, mtu mwenye macho makali na saburi kubwa. Aling’oa misumari mmoja mmoja, akatia skrubu ndogo mahali pake. Ubao niliukausha siku nyingi mbali na moto, nikausawazisha kwa msasa laini, kisha nikaupaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa, ipate kuziba vinyweleo vyote vya mti. Tangu hapo haukuvimba tena. Vifuniko vyembamba vya plastiki, vinavyozuia pumzi isipotee bure, nilivibandika upya. Kingo za mahali pa kuwekea midomo nilizilainisha. Kazi hizo zote zilikuwa njema, na yeyote mwenye mikono mitulivu aweza kuzifanya.

Lakini nilifanya na kazi ya nne. Katika parokia yetu ilikuwamo armonium ya zamani iliyotoka Ulaya, na sauti yake ya la ilikuwa chini kidogo. Jambo hili lina historia. Huko Ufaransa sheria ya mwaka 1859 iliagiza kwamba la iwe mitetemo 435 kwa sekunde. Baadaye, mwaka 1939, mkutano uliofanyika London ulipatana juu ya mitetemo 440, na vyombo vingi vya siku hizi hufuata mapatano hayo. Tofauti ni ndogo, kama sehemu ya tano ya nusu sauti. Walakini ukipiga la mbili za namna hizo kwa pamoja, sikio husikia mtikisiko mara 5 kila sekunde, kama mtu atetemekaye kwa homa.

Mimi nilitaka kinanda changu kipatane kabisa na armonium yetu. Ukikwangua ulimi kwenye ncha yake, sauti hupanda. Ukiukwangua karibu na shina, sauti hushuka. Basi jioni 24 nilikaa na tupa ndogo mbele ya taa, ndimi mbili kila jioni, mpaka zote 48 zikashuka. Nilipomaliza, kinanda changu na armonium vilisikika kama ndugu wa tumbo moja. Nilijiona bingwa. Nilisema moyoni mwangu kwamba hakuna kinanda kama hiki katika Kivu yote. Na kweli hakikuwapo. Lakini sikufikiri kama hiyo ni sifa au ni hasara.

Mwaka 2018 ukafika, na tarehe 1 mwezi wa nane serikali ikatangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Ninyi wa Mangina, wa Beni, wa Butembo na wa Katwa hamhitaji kusimuliwa. Mpaka ugonjwa ule ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 mwezi wa sita mwaka 2020, watu zaidi ya 3,400 walikuwa wameugua na zaidi ya 2,200 wamefariki. Twakumbuka ndoo za maji yenye dawa mlangoni mwa shule na kanisa, kipimo cha joto kipajini mwa kila mtoto, na amani ya Misa tuliyopeana kwa kuinamisha kichwa tu, bila mkono.

Katika mwaka 2019 mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la tano alinijia. Sitamtaja jina, darasani mwangu ukiita Kambale, huitika watoto sita. Aliniambia, “Mwalimu, naomba nijaribu kinanda chako mara moja tu.” Nilimkatalia, nikamweleza kwamba chombo cha kinywa hubeba mate, na mate huweza kubeba kifo. Nilifanya vema. Hata pasipo Ebola, kinanda cha kinywa si cha kuazimana, kama vile mswaki si wa kuazimana. Mtoto alielewa, akaenda zake.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 2022 nilialikwa na kwaya moja ya Beni kwa sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Nilipanda gari kwa ile barabara ambayo wasafiri wetu huianza kwa sala na kuimaliza kwa shukrani. Jioni, katika mazoezi, nilitoa kasha langu kwa fahari. Kwaya ile ilikuwa na magitaa mawili na kinanda cha umeme. Nilipopuliza sauti ya kwanza, watoto wa mbele walicheka. Sikuwa nimekosea wimbo. Kinanda changu kilikuwa chini kuliko vyombo vyao vyote. Vijana wa magitaa, kwa heshima, walijitolea kulegeza nyuzi zao ili wanifuate, lakini mpiga kinanda cha umeme hakujua njia ya kushusha chake. Kiongozi wa kwaya akaniambia, “Mwalimu, chombo chako ni kizuri sana, ila kinasema peke yake.” Nilikirudisha mfukoni, nikaimba besi pamoja na wengine.

Kurudi Butembo nilikuwa na kilometa zipatazo 50 za kutafakari. Nilikuwa nimekitengeneza chombo changu mpaka kikawa hakiwezi kukaa na wenzake. Nilikuwa nimekiita kukamilisha, kumbe nilikuwa nikikifunga. Nyumbani nilitwaa tupa tena, safari hii kwenye ncha za ndimi, nikazipandisha zote. Ulimi ukikwanguliwa mara mbili hudhoofika. Mmoja, fa ya katikati, ulivunjika mkononi mwangu. Sikupata mwingine. Lakini mpango wa kromatiki una rehema yake: ukipuliza mi na kubonyeza kitufe, wapata nusu sauti juu ya mi, nayo ndiyo fa. Basi tangu siku ile jirani humtolea bubu sauti yake, na msikilizaji hatambui.

Pasaka ya mwaka 2023 yule mwanafunzi, aliyekuwa sasa kijana wa shule ya sekondari, alinijia tena. Hakuomba kupiga kinanda changu. Aliomba tu nimfundishe muziki. Nami, kwa mazoea, nikaanza kusema habari za mate na ugonjwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu, “Mwalimu, ule ugonjwa mkubwa uliisha tangu mwaka 2020. Nami sikuomba kinanda.”

Ndugu zangu, neno lile lilinichoma. Mwaka 2019 nilikuwa na sababu ya haki. Miaka minne baadaye sababu ileile ilikuwa imegeuka kisingizio, nami sikuona ilipogeuka. Sikumnyima kinanda tu. Nilimnyima elimu niliyopewa bure seminarini na mapadri wasionidai hata franka moja. Yule mtumishi wa Injili aliyefukia talanta yake ardhini alikuwa na hofu. Mimi nilikuwa na hofu pia, hofu ya kwamba wengine wakijua, nitakuwa wa kawaida.

Lakini nimfundisheje, ikiwa vinanda vya kromatiki ni ghali na havishirikiwi? Jibu lilitoka kwa mzee mmoja wa Lubero, aliyekuwa mgeni wetu siku zile. Alicheka akasema, “Mwalimu, mmesahau eluma?” Wasomaji wa mjini huenda hawajui tena: Wanande, pamoja na ndugu zao Wakonzo wa upande wa Uganda, wanazo filimbi ziitwazo eluma. Kila mtu hushika filimbi moja, nayo hutoa sauti moja tu. Mmoja peke yake hawezi kupiga wimbo. Lakini wakisimama pamoja, kila mmoja akiingia kwa zamu yake, wimbo hutokea katikati yao.

Nilistaajabu. Kinanda changu ni ndimi 48, na kila ulimi hutoa sauti moja. Eluma ni kitu kilekile, isipokuwa kila ulimi ni mtu!

Tulikata mianzi. Mwanzi uliofungwa chini na fundo lake, ukiwa na urefu wa sentimeta 19 hivi ndani, hutoa la ya 440. Ukiufupisha kwa nusu, hutoa la iliyo juu yake. Mimi nilikata kwa kipimo cha rula, mzee alikata kwa sikio, nami nakiri kwamba filimbi za mzee zilikuwa bora. Kinanda changu kilitoa sauti ya kulinganishia, maana sasa kilikuwa kimerudi katika la ya watu wote. Vijana kumi na mbili walikuja wiki ya kwanza. Kila mmoja alikuwa na filimbi yake na mate yake, pasipo kuazimana. Yule kijana alipewa fa, sauti ileile iliyovunjika kwangu.

Mama watoto alisikiliza kutoka mlangoni mwa jikoni, chini ya yale mabati. Walipomaliza alisema, “Leo kinanda chako kimeanza kulipa deni.”

Sasa namjibu mwanafunzi wa Beni. Je, yafaa Mkristu maskini kununua chombo cha thamani? Yafaa, kwa masharti matatu. La kwanza, nyumba yako isivuje kwa ajili ya chombo hicho, na mwenzi wako au wazazi wako wajue bei yake kabla ya wewe kulipa. La pili, kitengeneze upendavyo, lakini usikitengeneze mpaka kisiweze kupatana na wengine. La tatu, kama chenyewe hakishirikiki, shirikisha ujuzi wake. Kidole kimoja hakivunji chawa, na sauti moja haifanyi wimbo.

Mwanafunzi huyo aliongeza pembeni: je, chaweza kupigwa katika Misa? Papa Pius X, mwaka 1903, alikataza kanisani kinanda cha piano na vyombo vya kelele. Mtaguso wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 4 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1963, ulikiweka mbele kinanda kikubwa cha mabomba, ukaruhusu na vyombo vingine vinavyofaa ibada, kwa kibali cha wenye mamlaka ya Kanisa. Sisi Wakongomani twajua neema hiyo, maana Misale yetu iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988 hupokea ngoma zetu. Basi kwa habari ya kinanda chako, mwulize paroko wako, na jibu lake ulitii.

Mwisho, maneno machache ya matunzo. Usipige kinanda ukiwa umetoka kunywa chai ya sukari. Sukari hukaza kile kibao kitelezacho. Suuza kinywa kwanza. Asubuhi ya baridi, hasa Butembo na Lubero, kipashe joto viganjani au kwapani dakika chache, kwa sababu pumzi ya moto juu ya shaba baridi hugeuka maji, na vifuniko hunata. Usipulize kwa nguvu. Ulimi wa shaba huvunjika kwa ujeuri, hauvunjiki kwa wimbo. Ukimaliza, kigonge polepole kiganjani, matundu yakitazama chini, mate yatoke, kisha kifunike.

Mtakatifu Sesilia atuombee, na Mwenyezi Mungu azipatanishe sauti zetu, za Butembo na za Beni, zipate kuwa wimbo mmoja wa amani.

Wenu katika Kristu,
Mwalimu.